Ukurasa wa Kumi na Nne wa Historia ya Klabu

Nether Combley, Somerset
11 Februari 1996

Kaka yangu Hubert,

U hali gani wewe na joto lenu la Februari? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza maringo yake ya kila baridi, na paka amezeeka hadi anakoroma kumshinda marehemu Baba. Shemeji Margaret hajambo? Mwambie jemu ilifika salama na nimeila yote peke yangu, sikumwonjesha mtu.

Sasa kaa chini nikuchekeshe. Wamenichagua katibu wa klabu, na kabla sijaizoea hiyo kazi wamenibebesha nyingine: niandike historia ya Klabu ya Kroke ya Nether Combley, ichapishwe kijitabu kigawiwe tarehe 7 Septemba, siku tutakapotimiza miaka sabini na mitano. Kurasa ishirini na nne! Nikawaambia, jamani, mimi nimefundisha watoto hesabu miaka thelathini na tano, mimi na uandishi wapi na wapi? Kasisi akanijibu kwamba mimi ndiye Garland wa mwisho aliyebaki kijijini. Basi, maneno yakaisha.

Nimeanza na Baba. Amerudi vitani na mguu mbovu, kriketi hawezi, mpira hawezi, akagundua kwamba kroke, kugonga mpira kwa nyundo ya mti upite kwenye matao, ndiyo mchezo pekee ambao mwenye mguu mmoja anaweza kumchapa mwenye miwili. Akalisawazisha lile shamba nyuma ya kanisa kwa miaka miwili, akapanda nyasi, akachomeka matao sita na kigingi katikati, akaita majirani. Hiyo ni 1921. Nimeandika pia ule ubao wake juu ya mlango wa kibanda: KOSA NI LA ALIYELITENDA, NA KULISEMA NI JUU YAKE.

Vijana wa siku hizi hawaamini. Juzi binti mmoja mgeni kaniuliza, "Refa yuko wapi?" Nikamwambia hakuna. Ukigonga mpira mara mbili kwa pigo moja, anayejua ni wewe. Unanyanyua mkono, unasema "Kosa langu," unampisha mwenzako. Na mwenzako hata kama kaona kwa macho yake yote mawili, kimya. Haulizi, hanyooshi kidole. Binti kaniangalia kama nimemwambia tunacheza na majini.

Shida yangu ni ukurasa wa kumi na nne, mwaka 1958. Mwaka ule nimeshindwa kuuandika kaka, na unajua kwa nini. Kila nikishika kalamu naliona jina la Ambrose. Niandikie wewe unavyoukumbuka, kwa utani wako uleule, nami nitaupachika.

Mdogo wako,
Thea


Nelson, New Zealand
2 Machi 1996

Mdogo wangu Thea,

Pole na goti. Sisi huku tunaiva tu. Margaret anakusalimu na anasema mla jemu peke yake huota masharubu.

Nimecheka hadi kikombe kimeniponyoka. Wewe, mwandishi! Usisahau kuandika keki ya Bi Hester Peverell, ile ya mbegu, ambayo kasisi mmoja alivunjia jino na bado akaomba kipande cha pili kwa heshima. Usisahau pia lile roli la chuma la kulalizia nyasi. Kila Jumamosi tangu nina miaka tisa, mvua inyeshe, jua liwake, Hubert na roli. Mikono yangu hadi leo ina sugu za Baba.

Haya, 1958. Mbona ni rahisi, andika wazi. Mjenzi aliutaka uwanja ajenge nyumba, na bila kamati kukubali asingeupata. Kamati ilikuwa na watu saba. Watatu walishatangaza kwamba wamechoka, uwanja uende. Wanne tuliapa mbele ya Baba kwamba tutaukatalia: mimi, Kasisi Oakes, Bi Peverell na Ambrose Yelland. Kura ikawa ya siri, ikatoka nne kwa tatu, na uwanja ukaenda. Maana yake mmoja wetu alitugeuka. Kijiji kizima kilijua ni yupi. Nani alikuwa akimchorea yule mjenzi ramani za nyumba zake? Mimi hata sikuwepo, nilikuwa Bristol kazini, nikatuma kura yangu kwa posta.

Baba hakupona tena baada ya pale. Nawe ukanusurika kuolewa na nyoka. Nakumbuka ulivyokuwa unalia jikoni, nami nikakwambia, mrudishie pete yake leo leo, mtu aliyemuuza baba yako atakuuza na wewe. Bado najipongeza kwa siku ile. Liweke hilo kitabuni, ukiwa na ujasiri.

Kaka yako mchovu wa roli,
Hubert


Nether Combley
28 Aprili 1996

Kaka Hubert,

Natumai u mzima. Mimi sijambo.

Bi Peverell alifariki Januari, nadhani nilikwambia, miaka tisini na minne. Wiki iliyopita mpwa wake kaniletea kopo la biskuti lenye madaftari ya klabu, maana marehemu alikuwa katibu wetu miaka arobaini. Nikafurahi kama mtoto. Nikaweka birika motoni, nikavaa miwani, nikalifungua.

Chini kabisa kulikuwa na bahasha imeandikwa "Kura, 14 Mei 1958." Ndani vikaratasi sita vidogo, havina majina. Nimefundisha hesabu, kaka. Nilivipanga mezani. Vitatu ndiyo. Vitatu hapana. Na pamoja navyo barua moja iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa posta ya Bristol.

Mwandiko wako naujua tangu unanifundisha kuandika jina langu. "Nakubali uwanja utolewe. H. Garland."

Nimekaa na barua hii siku nane. Birika liliungua siku ya kwanza. Nimejaribu kukutetea, wallahi nimejaribu. Nimesema labda ulikosea, labda mtu alikulazimisha, labda kuna H. Garland mwingine Bristol. Halafu nikasoma tena barua yako ya Machi. Miezi miwili haijapita tangu uniandikie kwa furaha zako zote kwamba Ambrose ni nyoka!

Wote tulimngoja akane. Hakukana, tukasema, si mnaona, kanyamaza. Watu wazima wa klabu nzima, waliofundishwa na Baba kwamba asiyetenda kosa hana la kusema, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Walimpisha njiani. Walimwekea kiti chake nje ya kibanda. Baba alikufa akimlaani. Bi Peverell peke yake aliendelea kumpelekea ile keki yake ya mawe, nasi tukamcheka kwamba kazeeka vibaya. Alijua, mama wa watu. Alijua akanyamaza, kwa sababu lilikuwa kosa lako, na kulisema kulikuwa juu yako.

Niambie ni uongo.

Mdogo wako,
Thea


Nether Combley
9 Juni 1996

Hubert,

Wiki sita. Barua ya ndege inachukua siku nane, na najua hujafa, maana Margaret kaniandikia kuhusu maua yake.

Kijitabu kinakwenda kwa mchapaji tarehe 30 Agosti. Ukurasa wa kumi na nne bado mweupe.

Mdogo wako


Nelson
30 Juni 1996

Thea, mdogo wangu,

Nisamehe ukimya. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Margaret hajui chochote, nakuomba ibaki hivyo.

Si uongo.

Nitakwambia kwa nini, ingawa najua haitoshi. Ule uwanja ulikuwa mtoto wa kwanza wa Baba, mimi nilikuwa wa pili. Siku niliyofaulu mtihani wa kuingia shule kubwa, nilimkimbilia na karatasi, akaniuliza kama nimeshalaliza nyasi za upande wa mashariki. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nina kazi Bristol, na kila Jumamosi nilipanda treni kurudi kusukuma chuma. Nilipopata ile karatasi ya kura nikiwa peke yangu chumbani, nilijisikia kupumua. Nikaandika, nikatia stempu. Nilidhani mmoja wa wale watatu atabadili nia, Kasisi na wenzake washinde bila mimi, na hakuna atakayejua. Nilitaka tu kuwa nimesema ndiyo mara moja.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa analia jikoni. Ulikuwepo. Ulishawahi kumwona analia kabla ya siku ile? Nikasema ningoje atulie. Kabla hajatulia watu wakaanza kumtaja Ambrose. Nikasema moyoni, akikana tu, nitasema. Hakukana. Kila siku iliyopita, mdomo ukazidi kuwa mzito. Halafu ukaja kwangu na pete mkononi ukiniuliza ufanye nini.

Ningekwambia nini, Thea? Ningesema kweli, ungeolewa naye ukanichukia mimi. Nilikuogopa wewe kuliko Baba.

Sasa sikiliza, nakuomba kwa jina la mama yetu. Usichapishe. Mimi huku ni mwenyekiti wa klabu ya kroke ya Nelson, wajukuu zangu wawili wanacheza. Ubao wa Baba nimeuchonga upya kwa mkono wangu, upo juu ya mlango wetu, watoto wanausoma wakiingia. Nitawatazamaje? Mimi mzee sasa. Ambrose naye mzee, pengine hata amesahau. Andika tu "uwanja ulipotea kwa kura moja," utakuwa hujasema uongo.

Kaka yako anayekupenda,
Hubert


Nether Combley
21 Julai 1996

Hubert,

Sijambo.

Nilikwenda kumwona Ambrose. Yuko Taunton, kwa binti yake. Nilivaa gauni la bluu, usiniulize kwa nini. Alinifungulia mlango mwenyewe, akasema, "Ni wewe, Thea? Ingia, chai ipo." Kana kwamba nilitoka jana.

Alimwoa mwalimu wa muziki, Sylvia, aliyefariki miaka minne iliyopita. Picha zake zimejaa ukutani, mwanamke mzuri, anacheka katika zote. Watoto watatu. Mimi nina paka, Hubert.

Nikaiweka barua yako mezani. Akavaa miwani, akaisoma, akaikunja vilevile mara nne.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Kasisi hawezi, Bi Peverell hawezi, mimi sikufanya. Kuna hesabu gani hapo?"

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kosa si langu. Nilikuwa namngoja mwenyewe. Nikajua ni kijana mzuri, kaingiwa na hofu tu, atasema Jumamosi. Jumamosi akaja mlangoni kwangu na pete yako kwenye bahasha."

Hukuniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekufungulia, Hubert. Uliniambia uliipitisha chini ya mlango.

"Nilimtazama," akasema Ambrose. "Nikamwachia nafasi. Tulisimama pale kama dakika tano. Akaniambia mvua inaonekana itanyesha. Akaenda zake."

Nililia, kwa aibu. Nikamwomba msamaha kwa ajili yako. Akatikisa kichwa, akasema jambo ambalo tangu siku ile halinitoki. "La Hubert ni la Hubert. Ila wewe, Thea, ungeniuliza. Mara moja tu. Kanuni ya baba yako ilikuwa ya uwanjani. Mimi na wewe hatukuwa tunacheza."

Nilimwamini kaka yangu, nikamhukumu mtu niliyempenda kwa kunyamaza kwake. Umenisaliti wewe, nami nikamsaliti yeye, na kati yetu watatu ni yeye tu aliyekaa kwenye kiti nje ya kibanda.

Unasema ulinichelea. Mbona hukunichelea siku ulipoichukua ile pete? Na Baba? Miaka mitano aliishi akikaa dirishani kutazama nyumba zile, akiuliza Ambrose alikosewa nini hapa kwetu. Wewe ulikuwa unamletea chai! Ulimwekea sukari, ukamtazama usoni. Mimi ningekusamehe uwanja. Nyasi ni nyasi, na roli lile hata mimi nililichukia. Siyo hii miaka thelathini na minane.

Usihofu, sitalisema kosa lako. Si langu. Ukurasa wa kumi na tatu nimeandika majina saba ya kamati, na watatu waliotangaza mapema, na kwamba kura zilikuwa nne kwa tatu. Wa kumi na nne nimeuacha mtupu, ni wako. Niandikie maneno mawili tu, unayajua, na jina lako chini yake. Yakinifikia kabla ya tarehe 30 Agosti, yatachapwa. Yakichelewa, nitayaandika kwa mkono katika vitabu vyote sitini.

Nangoja.

Mdogo wako,
Thea


Nelson
19 Agosti 1996

Mdogo wangu mpendwa,

Heri ya siku yako ya kuzaliwa! Sitini na mitatu na bado unamchapa kila mtu uwanjani, nina hakika. Margaret kachagua kadi hii yenye paka, anasema anafanana na wako. Huku majira ya baridi yanaelekea ukingoni, ila mvua inaonekana itanyesha.

Tunakupenda sana.

Kaka yako,
Hubert


Nether Combley
15 Septemba 1996

Hubert Garland,

Kadi ilifika.

Sherehe ilifanyika tarehe 7 kama ilivyopangwa, kwenye uwanja mdogo kando ya shule, tuliohamia baada ya ule wa Baba kwenda. Watu themanini walikuja, soseji za mkate ziliisha kabla ya saa nane. Ambrose alikuja na mjukuu wake wa kike. Wazee waliobaki walipomwona, wanne waliinuka wakasogea mbali, na mmoja akajifanya anatafuta miwani. Kasisi wetu wa sasa, ambaye hana habari ya mambo yetu, akampa nyundo akamwomba apige mpira wa kwanza kama mwanachama wa zamani.

Ambrose hajashika nyundo tangu 1958. Alipiga, na mpira ukapita taoni safi kabisa, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na sikuona wala kusikia kasoro yoyote. Yeye akanyanyua mkono. "Nimeugusa mara mbili," akasema. "Kosa langu." Akarudisha nyundo, akakaa.

Ilipofika zamu ya katibu kuhutubia, vitabu vilikuwa vimeshagawiwa. Nilikuwa na hotuba ya dakika kumi kuhusu Baba. Sikuisoma. Nilisimama, nikanyanyua mkono, nikasema, "Mwaka 1958 nilimhukumu Ambrose Yelland, aliyekuwa mchumba wangu, kwa jambo ambalo sikumuuliza. Kosa langu." Nikakaa. Sikulitaja jina lako, wala sikusema zaidi.

Mjukuu wa Ambrose akapiga makofi peke yake, maskini, alidhani ni hotuba fupi nzuri. Halafu nikasikia karatasi. Watu walikuwa wanafungua. Ukurasa wa kumi na tatu, majina saba. Toa watatu, toa Kasisi Oakes, toa Bi Peverell. Wakafunua wa kumi na nne, wakaukuta mweupe. Nusu ya watu wale nimewafundisha kutoa mimi mwenyewe, Hubert. Nimewatazama wakihesabu kwa vidole, na nimeona mahali vidole viliposimama. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mzee aliyekuwa anatafuta miwani alikwenda kukaa karibu na Ambrose.

Ambrose aliniambia tukiagana, "Bado anafikiri?" Nikamwambia ndiyo. Akasema wachezaji wengine huchukua muda mrefu, akapanda gari la binti yake. Jumamosi hii anarudi kucheza. Hatutarudisha kitu, tumezeeka, wala sitaki ufikiri kwamba mambo yameisha vizuri ukalala usingizi.

Kitabu chako nimekifunga humu pamoja na barua yako ya kura. Nakurudishia, ni mali yako, wala nakala sikubaki nayo. Kipo na kalamu ya wino. Ukitaka kuandika katika ukurasa wa kumi na nne, andika, ukitumie klabu kwa anwani ile ile. Mimi binafsi usiniandikie tena, si kwa Krismasi, si kwa siku ya kuzaliwa. Margaret nitaendelea kumjibu kuhusu maua, kwa kuwa hajanikosea.

Na ule ubao mlangoni kwenu Nelson, uteremshe.

Thea Garland
Katibu, Klabu ya Kroke ya Nether Combley